Rede ya Kwenye Simu: Ati Mwanamke na Kulenga Wapi na Wapi?

 Kama kuna mawili matatu yanakusumbua ndani ya nyumba, basi kaa mkao wa kusoma. Mwezi huu tunakwenda Usukumani, pale Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Watu wa Bariadi, mwadila!

Kilichonipeleka huko ni ujumbe wa dada mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Yuko ndani ya ndoa mwaka wa pili sasa. Mume wake ana kibanda cha kuweka na kutoa pesa kwa simu, yeye mwenyewe ni fundi cherehani. Ujumbe ulikuwa mrefu, nimeufupisha:

"Shikamoo Anti. Mume wangu hanipigi, halewi, na hela ya matumizi anaacha kila asubuhi. Tatizo lake ni gemu. Akishafunga kibanda na kuoga, anashika simu mpaka saa sita usiku, anapigana vita na watu asiowajua. Ukimwita kula anasema 'subiri kidogo', ugali unapoa. Mwezi uliopita nikamwambia, basi nifundishe na mimi tucheze wote. Akanipa simu mbele ya rafiki zake wawili. Kila nilichorusha kilipita pembeni, na kila nilichorushiwa kilinipata. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mume wangu akasema, 'Mwacheni, mwanamke na kulenga wapi na wapi!' Anti, kilichoniliza si gemu, ni kuchekwa mbele za watu na mtu aliyepaswa kunitetea. Nikamfichia chaja, naye akalala sebuleni siku mbili. Tangu hapo tunaongea kama wapangaji. Sitaki kuachika kwa ajili ya simu. Nataka nijue kucheza, nimpige hata mara moja tu. Nisaidie."

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Najua wapo watakaokwambia, "Mkalishe chini achague moja, wewe au gemu." Mimi sitaanzia huko. Umeomba kufundishwa kulenga na kukwepa, nami nitakufundisha hivyo hivyo. Ya ndoa tutayafikia, na utaona kwamba hayako mbali. Na nyie mnaoshangaa Anti kujua mambo ya gemu, endeleeni kushangaa. Siku hizi ukitaka kuelewa kinachoendelea sebuleni kwa watu, lazima uelewe kilichomo ndani ya simu zao.

NI VITA GANI HIVYO?

Kwa msomaji ambaye simu yake ni ya kupiga, kupokea na WhatsApp tu, nikueleze kidogo. Kuna aina ya gemu ambapo timu mbili za watu 5 kwa 5 zinapambana kupitia intaneti. Kwenye simu, maarufu mojawapo ni Mobile Legends: Bang Bang ya kampuni ya Moonton ya China, iliyotoka mwaka 2016. Kwenye kompyuta wapo wakubwa zake, League of Legends ya Riot Games ya Marekani iliyotoka mwaka 2009, na Dota, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 2003.

Mpango wake ni mmoja. Kila timu ina ngome yake. Kati ya ngome hizo kuna njia tatu, na kila njia ina minara ya ulinzi. Askari wadogo wanaoendeshwa na kompyuta wanatembea kwenye njia hizo, na kila mchezaji anaongoza shujaa wake mmoja. Timu itakayobomoa ngome ya wenzao ndiyo imeshinda. Kwenye simu pambano moja mara nyingi ni dakika 10 mpaka 20, na ukishaanza huwezi kulisimamisha. Dakika hizo zikumbuke, tutazirudia.

Sasa, kila shujaa ana silaha zake zinazoitwa skili, na kwa leo tuzigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile ambazo ukishamchagua adui tu, zinamfuata mpaka zimpate. Hizo hazina ufundi mkubwa wa kulenga. Fungu la pili ni zile zinazokwenda moja kwa moja kuelekea ulikozituma, na zitampata yule tu atakayekutwa njiani. Kwenye Mobile Legends yupo Franco, anarusha ndoano, ikikunasa inakuvuta mpaka miguuni pake. Yupo Selena mwenye mshale, na mshale wake kadiri unavyosafiri mbali kabla ya kumpata mtu, ndivyo mtu huyo anavyoganda muda mrefu zaidi. Yaani mpango mzima unawapa zawadi wenye shabaha.

Dada yangu, vicheko vyote vya siku ile vilitokana na fungu hili la pili.

UMESHAWAHI KUCHEZA REDE?

Naomba ufunge macho, urudi shule ya msingi. Kengele ya mapumziko imelia. Wavulana wamekimbilia uwanja wa mpira. Wasichana wamebaki pembeni na mpira mdogo wa soksi kuukuu, na chupa tupu. Wawili wanasimama huku na huku, mmoja anaingia katikati. Wale wawili wanamrushia, yeye anakwepa. Kuna sehemu wanacheza kwamba yule wa katikati lazima ainame ajaze mchanga kwenye chupa huku anarushiwa, na chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda.

Sasa niambie, ni nani alikuwa hodari wa kulenga na kukwepa pale shuleni? Ni wavulana waliokuwa wanakimbilia mpira, au ni wewe?

Hilo gemu la mume wako, kwa upande wa kulenga na kukwepa, ni rede ya kwenye simu. Kila kanuni nitakayokupa leo, mwili wako uliijua ukiwa na miaka 10. Kilichobadilika ni kwamba zamani ulitumia miguu na mkono, sasa unatumia vidole gumba viwili. Kwa hiyo akikwambia "mwanamke na kulenga wapi na wapi", mwambie wapi: uwanjani, darasa la nne, wakati yeye anagombania mpira na wenzake ishirini.

KULENGA: USIMRUSHIE ALIPO

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kumrushia adui pale alipo. Mpira wa rede unachukua muda kufika, na skili vilevile. Itakapofika pale, mwenzio ameshaondoka. Mrushie anakokwenda. Kama anatembea kwenda kulia, lenga hatua moja au mbili mbele yake upande wa kulia. Akiwa mbali, ongeza. Akiwa karibu, punguza.

Na hapa nahisi ndipo ulipoponzwa siku ile. Kwenye gemu hizi za simu, ukigusa kitufe cha skili mara moja tu na kuachia, simu inakulengea yenyewe, na mara nyingi inaelekeza pale adui alipo. Akiwa anatembea, utamkosa mpaka kesho. Usiguse na kuachia. Bonyeza kitufe, kishikilie, buruta kidole taratibu, utaona alama ya kuonyesha uelekeo imetokea mbele ya shujaa wako. Elekeza unakotaka, ndipo uachie. Ukiona umekosea kabla hujaachia, buruta kidole mpaka kwenye alama ya kufuta, skili yako inabaki salama. Je, mume wako alikwambia hilo kabla ya kukupa simu? Kama hakukwambia, basi hukushindwa kulenga. Hukupewa nafasi ya kulenga.

Kanuni ya pili: subiri pale ambapo lazima aje. Kwenye rede, ulikuwa unamsubiri wa katikati ainame kujaza chupa, kweli si kweli? Kwa sababu akiinama hawezi kuruka. Hapo hapo mkoani kwenu, upande wa wilaya ya Meatu kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, watu wa upinde na mshale toka enzi. Kiangazi kikikolea na maji yakibaki sehemu chache, wawindaji wao hawana haja ya kuhangaika pori zima. Wanajificha usiku karibu na maji na kumsubiri mnyama, kwa kuwa wanajua kiu itamleta.

Kwenye gemu, maji ya kunywa ni wale askari wadogo. Anayempiga askari pigo la mwisho anapata dhahabu, na dhahabu ndiyo inayonunua silaha. Kwa hiyo kila mchezaji ana wakati ambapo lazima asogee na kusimama kidogo ili apige pigo lile. Mwangalie askari mwenye damu kidogo, maana adui yako naye anamwangalia huyo huyo. Anaposogea kumpiga, ameinama kwenye chupa. Rusha hapo.

Kanuni ya tatu: mngoje amalize kinga yake. Wachezaji wengi wanabeba uwezo wa kuruka ghafla kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwenye Mobile Legends upo unaoitwa Flicker, ambao ukishatumika unakaa kama dakika 2 ndipo urudi. Mwenye papara anarusha silaha yake kubwa wakati mwenzie bado ana Flicker mkononi, na anaruka kama panzi. Mwenye akili anamtisha kwanza kwa vidogo vidogo, anamfanya aitumie, ndipo anarusha kile kikubwa. Kumbuka na skili yako nayo ikishatoka, inahitaji muda wa kupoa. Ukiirusha kwa hasira, unabaki mikono mitupu sekunde kadhaa, na adui anajua.

Kanuni ya nne: safisha njia. Kwenye League of Legends kuna roboti anaitwa Blitzcrank, mkono wake unanasa adui wa kwanza kukutana naye, hata kama ni askari mdogo wa kompyuta. Mshale wa Mirana kwenye Dota nao unaishia kwa wa kwanza. Hivyo basi, kama mbele yako kuna msururu wa askari, usipoteze mshale. Sogea pembeni mpaka upate upenyo wa kumwona mtu wako waziwazi.

KUKWEPA: USIKIMBIE KINYUMENYUME

Tuje upande wa pili. Utakuta mgeni akiona ndoano inakuja anageuka na kukimbia kuelekea kwake. Masikini, ndoano nayo inaelekea huko huko! Amekimbia juu ya mstari ule ule, na ndoano ina mbio kuliko yeye. Silaha nyingi za aina hii ni ndefu lakini ni nyembamba. Hatua moja ya pembeni inakuokoa kuliko hatua tano za kurudi nyuma. Kwenye rede hukuwa unakimbia, ulikuwa unajipinda kiuno tu na mpira unapita. Fanya vivyo hivyo.

La pili, usizoeleke. Anayelenga vizuri anakusoma. Ukitembea mstari mmoja, amekupata. Ukicheza kushoto kulia, kushoto kulia kama saa ya ukutani, pia amekupata, kwa sababu anajua baada ya kushoto ni kulia. Changanya. Kushoto, kushoto tena, kulia, simama. Ndiyo, simama! Kuna wakati yule mhodari amelenga mbele yako akijua utaendelea, wewe ukisimama nusu sekunde, mshale unapita puani.

La tatu, jua nani amebeba ndoano na yuko wapi. Kabla pambano halijaanza, angalia wapinzani wako ni mashujaa gani. Akiwamo mwenye ndoano, kila unaposimama hakikisha askari wako wadogo wako katikati yenu, wale ndio ukuta wako. Ila usilale na imani hiyo kwa kila mtu, maana zipo skili zinazopenya katikati ya askari. Maelezo ya kila skili yameandikwa humo humo kwenye gemu, yasome kama unavyosoma vipimo vya mteja kabla ya kukata kitambaa.

Na mwenye ndoano akipotea machoni, ujue yuko kichakani anakutegea. Usukumani mnajua maana ya mwano. Ng'ombe wakiibwa mtu anapiga yowe, linapokewa kijiji hadi kijiji, na sungusungu wanatoka na pinde zao. Kwenye gemu napo kuna vitufe vya kuwapigia mwano wenzako, kwamba adui haonekani, rudini nyuma. Vitumie. Mchezaji anayewatahadharisha wenzake wanne ana faida kuliko mwenye shabaha anayecheza peke yake.

La nne, na hili ndilo wengi wanalisahau: ukishakwepa, usikimbie. Silaha yake kubwa imekukosa, sasa inapoa, na kwa sekunde zile chache yeye ndiye mnyonge. Hapo ndipo pa kusogea mbele na kumpiga. Anayekwepa kisha akaendelea kukimbia amepona tu, hajapata faida yoyote.

SIYO KILA KUKOSA NI KOSA LAKO

Kuna jambo jingine ambalo huenda lilikuchongea, nalo ni mtandao. Pembeni ya skrini kuna namba ndogo inayobadilika badilika. Wachezaji wanaiita pingi. Inapimwa kwa milisekunde, na milisekunde 1000 ni sekunde 1. Namba hiyo inaonyesha taarifa inachukua muda gani kutoka kwenye simu yako hadi kwenye mtambo unaoendesha gemu, kisha kurudi.

Tupige hesabu ya dukani. Tuseme ndoano imerushwa na itakufikia baada ya nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Macho yako kuiona na kidole chako kuitikia, kwa binadamu wa kawaida, ni kama milisekunde 250. Pingi yako ikiwa 50, jumla ni 300, umebakiwa na 200 za kusogea pembeni. Pingi ikipanda hadi 200, jumla ni 450, umebakiwa na 50 tu. Hapo hata bingwa wa dunia ananaswa. Ndoano ni ile ile na kidole ni kile kile, kilichobadilika ni mtandao.

Kwa hiyo kabla ya kucheza, fungeni vitu vingine vinavyokula bando, video zisishuke, simu isijisasishe. Kaeni sehemu ya nyumba ambayo mtandao unashika. Na pingi ikiwa juu, usisubiri kuona ndipo ukwepe. Anza kusogea mapema, pale tu adui anapokuja umbali wa kukufikia. Na unapolenga, lenga mbele zaidi kidogo ya ulivyozoea.

ZOEZI LA WAWILI

Hili ni lenu wewe na mume wako, bila rafiki hata mmoja. Gemu hizi zina chumba cha mazoezi, na zina nafasi ya kutengeneza pambano la faragha la watu mnaojuana. Ingieni humo wawili, kila mtu na simu yake. Kama simu ya maana ni moja, azima ya mdogo wako kwa nusu saa.

Yeye achukue shujaa mwenye ndoano. Wewe usipige, kwepa tu. Arushe mara 10, mhesabu mara ngapi amekunasa. Kisha mbadilishane, wewe urushe 10, yeye akwepe. Andikeni. Siku ya kwanza atakushinda vibaya, usijali. Rudieni kila jioni kabla ya kula, dakika 15 tu. Na ukiwa unakwepa, mchunguze. Kila mtu ana tabia yake ya mkono. Kuna anayerusha mara tu skili inapopoa, hawezi kusubiri. Kuna anayerusha upande wa kulia kila mara. Wewe umeishi naye miaka miwili, unamjua akiwa na njaa, akiwa na hasira, akiwa anadanganya. Ukimsoma wiki moja, utajua anarusha lini kabla yeye mwenyewe hajajua.

Hapo, dada yangu, ndipo utakapompiga. Na si mara moja.

SASA MUME NAYE ASIKIE

Kaka, najua gazeti hili utalikuta mezani na utalisoma, usijifanye. Nina maneno machache na wewe.

Unasema kulenga si kazi ya mwanamke. Hapo Kenya kwa jirani zetu yupo Sylvia Gathoni, jina lake la kuchezea ni QueenArrow, ambaye mwaka 2018 alisainiwa na timu ya kimataifa ya XiT Gaming kucheza Tekken, gemu la ngumi na mateke, akiwa msichana anayesomea sheria. Michezo hii imeshafika mbali. Mwaka 2019 Mobile Legends ilishindaniwa medali kwenye Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia kule Ufilipino. Mwaka 2021 zawadi za mashindano makubwa ya Dota zilipita dola milioni 40 za Kimarekani. Wanaofikia huko walifundishwa na mtu aliyekuwa na subira nao. Hakuna aliyefika kwa kuchekwa.

Mkeo alikuja kwako kwa heri. Angeweza kununa, angeweza kwenda kwao, angeweza kukutangaza kwa majirani. Yeye akasema, nifundishe tucheze wote. Wanaume wangapi wanaota kuambiwa hivyo? Na wewe ukampa simu mbele ya watu bila kumwonyesha hata namna ya kuburuta kidole, ukamgeuza kichekesho. Neno ulilomrushia siku ile halikumkosa. Mwombe radhi, na umwombe mbele ya rafiki zako wale wale, kwa sababu ndiko ulikomvunjia heshima.

Halafu mpangiane. Nimesema pambano moja ni dakika 10 mpaka 20 na haliwezi kusimamishwa. Ukiondoka katikati, wenzako wanabaki wanne dhidi ya watano, na gemu lenyewe linakuadhibu. Kwa hiyo mama, ukimwita kula katikati ya pambano, "subiri kidogo" yake mara nyingi ni ya kweli. Lakini baba, na wewe usianzishe pambano unaposikia mwiko unagonga sufuria! Kubalianeni: kabla ya kuanza anauliza, "Chakula bado dakika ngapi?" Ukisema 20, anaanza. Ukisema 5, anaweka simu. Kwa siku mapambano mangapi? Semeni namba, matatu au manne, na saa ya kulala ijulikane. Msimu wa pamba ukifunguliwa na kibanda kikachelewa kufungwa, namba ipungue, kwa sababu siku zile nyumba inakuona kidogo zaidi. Hela ya kununua bando na vikorombwezo vya gemu itoke kwenye fungu linalojulikana, isitoke kwenye kodi ya nyumba.

Na kama mtu hawezi tena kujizuia, gemu imekula kazi, usingizi na watu wake, na hali hiyo imedumu, hilo ni jambo la kumwona mtaalamu wa afya. Shirika la Afya Duniani limeliingiza tatizo la gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na kwa kawaida linaangaliwa kwa muda wa miezi 12. Kwa maelezo ya dada yetu, mume wake hajafika huko. Kibanda kinafunguliwa, matumizi yanaachwa. Huyu ni mtu wa kukaa naye na kupangiana tu.

Na wewe mwanangu, chaja usifiche tena. Ukificha chaja unamfundisha kuficha simu, na hapo mtakuwa mmeanzisha mchezo mwingine mbaya zaidi.

Nikuachie hili la mwisho. Kwenye gemu, kila kinachorushwa kikwepe. Ndani ya nyumba kuna vitu havikwepwi. Mwenzio akikuuliza "kwa nini ulinicheka?", hilo usilipishe pembeni, simama likupate, kisha jibu. Siku hizi mbili alizolala sebuleni kila mmoja alikuwa anakwepa, na ndiyo maana mnaongea kama wapangaji. Leo usiku, kabla ya kuwasha simu, mmoja aanze. Nakuomba uwe wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika, na umeshaonyesha kwamba unaweza kuanza. Mwambie, "Nililia siku ile." Maneno matatu tu, halafu unyamaze umsikilize.

Ukimaliza, mwambie aandae simu mbili. Hesabu za ndoano 10 kwa 10 nitazisubiri, uniandikie nani kaongoza.

 Mwezi ujao tutakuwa na kaka wa Kahama ambaye mchumba wake anataka harusi ya kifahari na mfukoni hali ni tete. Usikose. Mpaka hapo, nakutakia mwezi mwema.